Dereva wa Kitanda cha Sita

"Dereva, shika miguu. Pole pole, hilo si gunia."

Nyamongo alishika miguu, Leonida akashika mabega, na kwa pamoja wakamgeuza Chrispine upande wa dirisha. Wodi nzima ilijua kwamba mzee huyo mwenye mvi ndiye aliyemgonga kijana wa kitanda cha sita. Wengi walimwona Leonida kama mtu aliyerukwa na akili, maana mama mwingine angeshammwagia uji wa moto.

Nyamongo alikuwa amekuja siku ya tatu baada ya ajali. Chrispine amelala tu, hajui mchana wala usiku, kichwa kimefungwa bandeji. Gari lililomgonga na kuikanyaga baiskeli yake, karibu na daraja la Migori, lilikuwa limetoroka bila mtu kushika namba. Nyamongo alisimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi.

"Mama, mimi ni dereva," alisema. "Niligonga mtu wa baiskeli. Nipeleke polisi."

Leonida alitaka kumrarua. Lakini polisi wakimchukua, yeye atabaki akimtukana nani?

"Polisi wangoje," alimwambia. "Mtoto wangu akiamka, yeye ndiye atasema tukufanyie nini. Mpaka siku hiyo huendi popote. Utamgeuza, utamfulia, utamchotea maji."

Nyamongo alivua koti, akauliza beseni liko wapi.

Basi Leonida akapata wa kumpasulia yaliyomjaa moyoni. Miaka minne Chrispine alisambaza mikate madukani kwa baiskeli. Alirudi nyumbani na matope kifuani kwa sababu gari lilimsukuma mtaroni. Alirudi na kiwiko kimechubuka kwa sababu mtu alifungua mlango wa gari bila kutazama. Naye hakuwa malaika. Akitukanwa, alipiga buti la gari kofi akakanyaga pedali kwa nguvu, na siku moja alimng'olea dereva mmoja kioo cha pembeni akaja nacho nyumbani. Leonida alicheka siku hiyo. Sasa alijilaumu kwa kile kicheko.

"Mnapiga honi mpaka mtu anasahau jina lake," alimwambia Nyamongo. "Kwani hiyo lami mlizaliwa nayo?"

"Tunawaona kama kuku, mama. Dereva akiona kuku barabarani anajua atatoka tu."

Jibu hilo lilimkata maini kuliko kama angebisha.

"Na maziwa yake," Nyamongo aliongeza, macho sakafuni. "Yalimwagika yote."

"Maziwa gani? Alibeba mikate! Yaani unamgonga mtu na hata huoni alichobeba?"

Nyamongo aliokota beseni akaenda bombani.

Jioni hiyo, kwa mazoea ya kukirimu, Leonida alimpa kikombe cha uji, kisha akashtuka. Kwao, mtu aliyemwaga damu ya nyumba hali wala hanywi cha nyumba hiyo. Alinyoosha mkono amnyang'anye, lakini mwenzake alikuwa ameshafika nusu, anakunywa bila wasiwasi. Labda kwa Wakuria kama Nyamongo mambo ni tofauti, alijiambia, na hakuuliza.

Nyamongo alikuja kila asubuhi kabla ya chai, akaondoka wageni wakifukuzwa. Alijifunza kumnyoa Chrispine ndevu bila kugusa mshono. Alifua shuka ambazo hata dada za mgonjwa walizishika kwa vidole viwili. Na siku moja Leonida alipotoka bombani alimkuta ameinama karibu na sikio la mgonjwa, anaomba msamaha kwa sauti ya chini, machozi yakidondoka kwenye mto. Alirudi nyuma akasimama kwenye korido na ndoo yake. Alisikia uchungu mpya. Ile chuki ndiyo iliyokuwa ikimsimamisha tangu siku ya ajali, na sasa hata hiyo ilikuwa inamponyoka.

Asubuhi hii daktari alikuwa amesema vidole vya Chrispine vimeanza kujibu. Labda ndiyo maana, walipokwisha kumgeuza, Leonida hakumwita dereva tena.

"Baba Nyamongo," alisema. "Yeye atajisemea mwenyewe siku akiweza. Lakini mimi nimekusamehe. Nimekusamehe kabisa."

Nyamongo alikaa chini sakafuni. Alilia, mtu mzima na mvi zake, mpaka nesi akaja mbio akidhani kuna aliyekufa.

"Mama."

Sauti ilikuwa kavu, ya kukwaruza. Chrispine alikuwa amefumbua macho.

"Nyathina! Mtoto wangu!" Leonida alimshika uso kwa mikono yote miwili, akacheka, akalia, akamwita majina ya utotoni ambayo kijana wa miaka ishirini na sita hapendi kuitwa mbele ya watu. Nesi alimlowesha midomo kwa pamba. Alipopata nguvu kidogo, Chrispine alitupa macho chini.

"Huyo ni nani? Mbona analia?"

"Ndiye dereva, mwanangu. Ndiye aliyekugonga. Amekuuguza kama mtoto wake. Sasa sema wewe, tumfanyie nini?"

Chrispine alimtazama Nyamongo, akavuta pumzi kwa shida.

"Hapana, mama. Aliyenigonga ni kijana, rika langu. Alishusha kioo akanitukana kwanza."

Leonida aligeuka taratibu. Nyamongo hakuinuka pale chini.

"Niliyemgonga mimi, yule wa maziwa, nilimwacha barabarani kule Rangwe, mama, miaka tisa sasa," alisema. "Aliniita, na mimi sikusimama."