Karibu ya Mzee Mshindo

Haki ya Mungu, haya ni kweli tupu, na asiyeamini akauulize mlango wenyewe. Mwaka ule kila mlango mtaani ulikuwa na sikio. Ukimwambia mwanafunzi kutoka ng'ambo "karibu", mlango unaandika, na chumba chako cha ziada kinakuwa chake mpaka ahitimu.

Basi watu wakaanza kula wamefunga madirisha. Mzee Mshindo, tarishi mstaafu, alipita kiasi: hata salamu alizijibu kwa kukohoa. Chumba alikuwa nacho, ila ndimo zilimokuwa kanga za marehemu mkewe, zimekunjwa vilevile alivyoziacha. Majirani aliwaambia mle kuna chatu.

Siku wanafunzi walipowasili, Mzee hakutulia. Alizunguka sebuleni tangu asubuhi, kinywa amekibana, mara akasikia sauti ya kike mlangoni.

"Hodi!"

"Karibu!" Miaka sabini, ulimi wake haukuwahi kujifunza jibu jingine.

Mlango ukalia ting, ukafunguka wenyewe. Binti mgeni amesimama na begi lake, anatabasamu. Nyuma yake Bi Tatu, jirani, anacheka mpaka anashika ukuta.

"Hiyo hodi nimemfundisha mimi, shemeji. Na yule chatu?"

"Amehama," akasema Mzee.

Akaingia chumbani, akazitoa kanga zote, akazipakata kama mtoto mchanga. Mlango ulikuwa bado wazi, unasikiliza.

"Hodi!" akaita mwingine nje.

Mzee akaziba mdomo kwa kanga.