Mpaka Jumatatu

Kijiko cha tingatinga kilishukia jiko la Adventina kama ngumi ya mlevi. Bati likajikunja, tofali zikamwagika, na kuku aliyekuwa analalia mayai hakupata hata nafasi ya kulia.

"Bado nyumba kubwa," mlinzi wa kampuni ya barabara akasema. "Mama, katoe godoro lako."

"Katoe la mama yako!" Adventina akamjibu, mwanawe Nyangi mgongoni analia.

Mlangoni alisimama mumewe, Baba Nyangi, panga mkononi, pua inavuja damu. Alishapigwa rungu mara mbili. Majirani wote wa barabara hii ya Mugango walihama kupisha upanuzi. Wao wawili walikwenda mahakamani, na kesi ikapangwa Jumatatu. Leo Ijumaa. Nyumba ikianguka leo, hakimu atasikiliza kifusi.

"Baba Nyangi, watakuua. Tuondoke."

"Nilikuwaga na miaka kumi na minne walipobomoa kwetu," akasema bila kugeuka. "Wakasema mji unakuja. Nikasimama pembeni na begi la shule, naangalia. Mama akapewa chumba ghorofani, akafa anauliza bustani yake iko wapi. Leo sisimami pembeni."

Mlinzi wa pili akamrukia. Panga likapita, likamchana mkono tangu kiwiko mpaka kwenye saa. Akapiga yowe, akakaa chini, damu inamwagikia suruali. Wa kwanza akamtandika Baba Nyangi rungu la mbavu. Kitu kikalia ndani yake kama kuni kavu. Hakuanguka. Alirudi mlangoni, akatema damu, akasimama.

Dereva wa tingatinga alikuwa kajifunika uso. Kofia ngumu mpaka kwenye nyusi, miwani myeusi, kitambaa kimeziba pua na mdomo. Kijiko kikainuka tena.

Adventina akakimbilia nyuma ya choo, akampigia kaka yake Edwin, mvuvi wa Bukima.

"Kaka, wanabomoa! Watamuua shemeji yako!"

"Mungu wangu! Mimi niko katikati ya ziwa. Ngoja niwapigie vijana wa mwaloni, pale tunaposhushia samaki, wana pikipiki. Niwaambie nini?"

Kampuni ilikuwa ya Wachina, na Adventina alijua neno litakalowapandisha vijana hasira.

"Waambie Mchina anabomoa nyumba ya dada yako!"

"Hawapajui kwako."

"Imebaki moja tu imesimama. Wataiona."

Simu ikakatika.

Kijiko kiling'oa kona ya chumba cha Nyangi. Baba Nyangi akarukia mnyororo wa tingatinga, akakata bomba la mafuta yanayoinua kijiko kwa panga. Mafuta meusi yakaruka, kijiko kikalegea kikaning'inia. Akateleza, akaanguka, akajiburuza mpaka mlangoni kwake, akasimama tena.

Ndipo pikipiki saba zikaingia, vumbi tupu, kila kijana na jiwe au kasia. Mlinzi ambaye hakuumia akamwacha mwenzake chini, akatimka kwenye mihogo. Adventina akaangua kilio cha furaha. Nyumba itafika Jumatatu.

Dereva akazima injini, akavua kofia, akashusha kitambaa.

"Jamani, mimi Mwandu! Mtu wa Bunda, mtoto wa Mara kama nyie! Naendesha tu!"

"Shuka, kaka," kijana wa mbele akamwambia. "Hatujakufuata wewe." Akamwona mlinzi anayevuja damu chini. "Na wewe nani kakukata hivi?"

Mlinzi akanyoosha mkono wake mzima kuelekea mlangoni.

Wakageuka wote, wakamtazama Mchina pekee aliyekuwa pale, amesimama mbele ya mlango na panga lenye damu. "Ni baba wa mtoto wangu!" Adventina akapiga kelele, lakini jiwe la kwanza lilishatoka mkononi.