Ncha za Kamba

Muuguzi alimpima Mbaruku urefu kwa kamba, akaikunja kamba hiyo katikati, kisha akamzungushia kiunoni.

"Ungekuwa salama, mzee, ncha hizi zingekutana."

Hazikukutana. Palibaki pengo la shibiri nzima.

"Mke wangu huyu ni fundi cherehani, sista," Mbaruku alisema akicheka. "Kila Idi lazima aniongezee kiuno cha suruali."

Saumu hakucheka. Kila mwaka alifumua mshono wa nyuma akaachia kitambaa, na mashoga zake wakamsifu kwamba anajua kutunza mume. Naye alijivuna. Kwao, suruali ya kupunguzwa ilikuwa aibu ya jikoni.

Muuguzi akamtoboa Mbaruku kidole, akatia tone la damu kwenye kipimo cha sukari. Alisoma, akarudia kwa kidole kingine. Kisha akafungua kitambaa mguu wa kushoto, penye kidonda kilichokataa kupona tangu Ramadhani. Harufu ikajaa chumbani. Akaugusa unyayo kwa ncha ya sindano. Mbaruku aliendelea tu kusimulia habari za suruali.

"Mama, njoo nje kidogo," muuguzi alimwambia Saumu.

Huko nje alimweleza kwa sauti ya chini kwamba mguu ule umeshaoza, hauna budi kukatwa chini ya goti.

Saumu aliporudi, mumewe alikuwa ameketi, akijifunga mkanda.

"Wamesemaje?"

Saumu alipiga magoti mbele yake, akashika upindo wa suruali mguu wa kushoto, akaanza kuukunja kwenda juu, taratibu, kama fundi anayetafuta kipimo.