Shule ya Jikoni kwa Verna

Shule haina kengele wala uzio, mwalimu ni mmoja, mwanafunzi ni mmoja, na mkuu wa shule ndiye anayekaanga mayai. Verna Maddox alikuwa akiyageuza mayai hayo kwa mkono mmoja, wa pili umeshika pasi, kwa sababu leo anakuja mtu wa ofisi ya elimu na shati la Kendall lilikuwa na mikunjo.

"Akikuuliza, asubuhi tunafanya hesabu, mchana historia," alisema. "Usijitie kuongeza maneno."

"Sawa, mama." Kendall alichukua mkate, ambao Verna alikuwa ameshaukata kingo ngumu. "Mama, mwaka huu nitamaliza?"

"Hesabu za sehemu bado zinakupiga chenga."

"Dwayne wa gereji kasema kazi ya matairi ipo, nikimpelekea cheti tu. Na Tammy..."

"Tammy gani, yule wa dukani? Anayemchekea kila mnunuzi?"

"Anasema ananisubiri."

"Basi si anajua kusubiri. Kula."

Kendall akala. Angefanya nini? Hapa jimboni Missouri, mzazi anayemsomesha mtoto nyumbani ndiye anayetunga mtihani, ndiye anayesahihisha, na siku ya kuhitimu ikifika, ndiye anayetia sahihi cheti. Verna aliisoma sheria hiyo kipengele kwa kipengele mpaka karatasi zikalegea kama kitambaa cha kufutia vyombo. Hakuona popote palipoandikwa kwamba mkuu wa shule afanye haraka. Tangu mumewe Harlan afariki, nyumba ilibaki na sauti mbili tu, na Verna hakuwa tayari kubaki na moja.

Jirani yake, Dottie, hakukosa la kusema. "Mwachie huyo mtoto atoke akakae na wenzake," alimwambia juzi wakianika nguo.

"Wenzake wanakunywa bia na kujichora mwili mzima."

"Na wewe unamfundisha nini huko ndani miaka yote, Verna? Njia ya kutoka chumbani hadi jikoni?"

Verna alimwambia akapalilie nyanya zake.

Mtu wa ofisi akaja baada ya chai. Aliitwa Bi Abernathy, mwanamke kijana aliyevaa viatu vya kisigino ambavyo changarawe ya pale ilivichukia tangu hatua ya kwanza. Verna alisimama katikati ya mlango, akaujaza wote.

"Binti, tuelewane kabla hujaingia. Sheria hainilazimishi kukufungulia."

"Najua, mama. Nashukuru umenifungulia."

"Wala hainilazimishi kuwaandikia. Ile barua ya kila Septemba, kwamba namfundisha mwenyewe nyumbani, naituma kwa adabu zangu tu."

"Ndiyo hiyo iliyonileta. Tumeletewa kompyuta mpya, nazo zinamkataa mtoto wako. Kila tukimwingiza, zinamtema. Nikasema labda tumekosea kuandika, bora nije mwenyewe."

Verna hakuamini hadithi ya kompyuta hata robo. Watu wa ofisi aliwajua, wanaanza na kompyuta, wanamalizia na basi la njano la shule mlangoni, na mtoto wako ndani yake. Akamkalisha mgeni mezani, akamwekea pai ya tufaha ili mdomo wake upate shughuli, kisha akaanza kusoma mashtaka kinyumenyume, yaani yeye mshtakiwa akimhoji hakimu. Saa elfu moja za masomo kwa mwaka, hizi hapa. Mia sita ziwe za kusoma, kuandika, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii, hizi hapa na nyongeza juu. Kazi alizofanya mtoto, si hizi? Akamsogezea insha kuhusu bata wa porini.

Bi Abernathy alisoma akitafuna. "Anaandika vizuri. Mwandiko umetulia kabisa."

"Nimeuhangaikia."

"Ana umri gani sasa?"

"Anakua vizuri, asante."

"Na kuchanganyika na watu, vipi? Wazazi wengi wa shule za nyumbani hilo ndilo linalowasumbua."

"Anaimba kanisani."

"Kwaya ya watoto?"

"Walimjaribu. Sauti ilikuwa nzito kidogo, wakamsogeza nyuma." Verna aliegemea meza kwa ngumi zote mbili. "Tuache kuzungukana, binti. Unaweza kunichukulia mtoto ukampeleka shuleni kwenu?"

Bi Abernathy aliweka uma chini. Alikuwa ameshaona nyumba nyingi, zenye mbwa na makelele na vitabu visivyofunguliwa, na hii ilimpendeza.

"Hapana, mama. Umetimiza kila kitu na ukapitiliza. Hakuna ofisi ya kumgusa. Atahitimu siku utakayoona wewe kwamba anafaa, na cheti utampa wewe."

"Hata ikichukua muda?"

"Hata ikichukua muda. Sisi hatuna haraka na mtoto wa mtu."

Verna alishusha pumzi ambayo alikuwa ameibana tangu barua ya miadi ilipofika. Akamkatia mgeni kipande kingine cha pai, kikubwa kuliko cha kwanza, na alipoita, sauti yake ilitoka tamu kama ya mtu anayetoka mahakamani akiwa ameshinda.

"Kendall, njoo umsalimie mgeni, mwanangu. Usiogope, hawakupeleki popote."

Hatua za kuburuza zikasikika ukumbini, zikasimama, zikasikika tena. Kendall akaingia akiinama ili kichwa kisigonge fremu ya mlango, shati limenyooka, nywele chache zilizosalia juu ya masikio zimelazwa kwa maji, ndevu nyeupe zimechanwa hadi kifuani.

"Samahani kwa kuchelewa," alisema. "Nilikuwa natafuta meno yangu."