Uyoga wa Léontine

Léontine alisimama ghafla kwenye njia ya msituni, kikapu mkononi. Hatua kumi mbele, nyuma ya mwaloni ulioanguka, palikuwa mahali pake pa uyoga. Mama yake alimwonyesha kwa siri, naye kwa miaka sitini hakumwonyesha mtu mwingine, hata mkwewe.

Leo alijisahau. Alikuwa akimtembeza mgeni wake, yule muuguzi wa mji wa Nantes aliyemtunza alipovunjika nyonga. Walitazama kinu cha maji, wakatazama kasri, wakapiga soga, na miguu ikamleta huku yenyewe kama ng'ombe arudiye zizini.

"Tumepotea, bibi?" mgeni akauliza.

"Kitendawili," Léontine akasema, ili apate muda wa kufikiri. "Kofia anayo, kichwa hana."

Mgeni akatazama kikapu, akatazama kisu kidogo kilichomo, akacheka. "Aa! Basi mimi sioni kitu. Nenda tu, bibi. Mjomba wangu alikufa na siri ya uyoga wake, hata padri hakuambiwa."

Akageuka, akajifunika macho kwa viganja.

Léontine akautazama ule mgongo mpana, uliokuwa ukiinama kila asubuhi kumwinua kitandani. Majani yaliyodondoka yalinukia mvua ya jana.

"Geuka, mwanangu," akasema, akimpa kisu. "Unakata shina hapa chini, using'oe. Na mkwe wangu akikuuliza tulikuwa wapi, tulikuwa kanisani."