Hodi za Kwelea

Ngiri na Nungunungu walishindania ubingwa wa bao, kila mmoja shimoni mwake, ndege Chozi akiwapelekea hatua zao. Aliyechelewa kumjibu Chozi alishindwa.

Ngiri alikuwa na majivuno mengi kuliko akili. Kila alipozidiwa, aliwahonga kwelea mtama ili wakajazane mlangoni kwa Nungunungu, wapige hodi. Nungunungu mwenye adabu aliitikia kila hodi, Chozi akakosa pa kupita.

Katika mchezo wa mwisho, Nungunungu alimweka Kakakuona mlangoni.

"Hodi! Hodi!"

"Mnamtaka nani?"

"Hatujui. Tumeambiwa tupige hodi tu."

"Kundi zima na hamna hata jina! Rudini mkamwulize aliyewatuma."

Chozi akapita. Kwelea wakarudi na kuuziba mlango wa Ngiri.

"Hodi, Bwana Ngiri! Tunamtaka nani?"

"Ondokeni, wapumbavu ninyi! Chozi yuko wapi?"

Chozi alikuwa nje, nyuma ya mbawa zote hizo. Zamu ya Ngiri ikapita, na ubingwa nao.

Hata leo Ngiri huingia shimoni kinyumenyume, akiukodolea macho mlango. Ukimwuliza sababu, husema ndivyo waingiavyo mabingwa.