Penseli Iliyopotea Gerezani

Darasa la gerezani likiisha, penseli hukusanywa kabla mtu hajainuka. Leo moja haikuonekana.

“Chuchumaeni!” askari alifoka. Wafungwa wakachuchumaa, mikono kichwani, upekuzi ukaanza.

Bupe, mtafiti wa chuo kikuu, alisimama kando. Alipojikuna kichwa, vidole viligusa penseli. Alikuwa ameichomeka kwenye nywele zake, kama afanyavyo kila siku ofisini. Akafungua mdomo.

“Nyamaza, dada,” alinong’ona Mapunda, mfungwa aliyechuchumaa karibu naye, aliyejua kuandika jina lake tangu juzi tu. “Wakijua ni nyinyi wageni, darasa linafungwa.”

“Wewe! Unanong’ona nini?” Askari alikuwa ameshachomoa kirungu.

Mapunda akasimama taratibu. “Nimeipoteza mimi, afande.”

Mkono wa Bupe ulikuwa ungali nyweleni.